Mkono Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Kila pikipiki inayoingia studio kupigwa picha naiandikia: shuka la kuchujia mwanga lilikuwa urefu gani kutoka sakafuni, ubao mweupe ulisimama wapi, ubao mweusi wapi, ili mwenyewe akirudi mwakani tusianze kubahatisha. Leo nimeligeuza nikaanza kuandika kwa nyuma, kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Binti yetu ni mwalimu. Nikimpigia simu saa hizi atanijibu kwa sauti ya darasani.

Jambo lenyewe ni dogo. Masika yamefika, na studio yetu, ambayo zamani ilikuwa ghala la mbao, ina bati tupu bila dari. Mvua ikipiga, humo ndani hata ukipayuka ni kama unajisemea moyoni. Ndiyo maana mimi na mume wangu tumefanya kazi kwa ishara miaka thelathini na mmoja. Yeye yuko nyuma ya kamera, mimi niko pembeni na ubao. Akiinua kidole, napandisha. Akikilaza, nashusha. Akikunja ngumi, nisimame hapo hapo hata kama nzi ananitembea puani. Mimi nina ishara moja tu: nikiwa tayari nainua mkono, kisha najirudisha nyuma, naye anapiga.

Leo niliinua mkono. Akaendelea kusubiri. Nikauinua tena. Akakunja uso, akatazama kamera yake kana kwamba mimi sipo. Mara ya tatu niliuacha juu mpaka bega likauma. Mwishowe akapiga tu, bila kuningoja, nami mkono ungali juu.

Mvua ilipopungua nikamuuliza, "Ulikuwa hunioni?"

"Wewe ndiye ulikuwa hujawa tayari," akanijibu.

Mjini wanamwita Bwana Picha. Mimi wananiita mke wa Bwana Picha. Sikuwahi kulalamika, ila leo limenikera.

Jumatano, 6 Machi

Pikipiki mbili. Shuka meta mbili na robo. Nyumbani hatujaongea ila kuhusu chumvi.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ndiyo mavuno yetu. Kiangazi wenye pikipiki wako barabarani, hawana muda na sisi. Matope yakianza wanazifungia ndani, wanaziosha, wanazitazama weee, kisha wanakumbuka kwamba hawana picha zake. Wanatuletea zikiwa zimefunikwa mablanketi nyuma ya magari ya mizigo. Wengi huchana nywele kabla ya kuingia, ingawa wao hawamo kwenye picha. Leo fundi bomba mmoja alijipaka hata mafuta usoni.

Hawajui kwamba pikipiki ni kioo chenye magurudumu. Tangi linakuona, taa ya mbele inakuona, ekzosi inakuona mara mbili. Kazi yetu yote ni kuvizuia vyuma visituone. Juu ya pikipiki tunaning'iniza shuka, kitambaa cheupe cha meta nne kwenye fremu ya mbao, linapanda na kushuka kwa kamba na kapi. Taa zinamulika juu yake, na mwanga unaotelemka unachora mstari mmoja mweupe juu ya tangi, safi, bila kuvunjika. Mimi na mbao zangu tunaziba kila kinachovunja mstari huo.

Alasiri nilikaa kwenye kompyuta kusafisha picha za fundi bomba. Hiyo pia ni kazi yangu: kufuta vumbi, kukata kingo. Katika picha tano, tatu zilikuwa na kitu ukingoni upande wa kushoto. Kitu chenyewe ni mimi. Kiatu changu katika moja, kiwiko katika ya pili, katika ya tatu mkono mzima na pete yake.

Si mara ya kwanza. Tangu katikati ya Januari nimekuwa nikijikuta humo. Nikakata. Ana haraka siku hizi, nikajisemea, anataka kumaliza akanywe chai. Zamani angenifokea nikiingiza hata ukucha.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Kaninunia. Nami nimemnunia. Tumetoka sare.

Ijumaa, 22 Machi

Roho yangu bado haijatulia.

Saa sita mchana tulikuwa tunavuka barabara mbele ya studio kwenda kununua balbu. Yeye alitangulia. Kushoto ilikuwa inakuja pikipiki, taa inawaka, nyekundu kama kidonda. Mtu yeyote angeiona. Yeye akaingia barabarani kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nilimvuta shati kwa nyuma, kifungo kikaruka. Dereva alipita upana wa kiganja tu mbele ya kifua chake, akatutukana mpaka alipokata kona.

"Hawa vijana wanatokea tu!" mume wangu akasema. "Hawana hata taa."

Taa ilikuwa inawaka. Nikamtazama mume wangu usoni. Hakuwa anajitetea. Hakuiona.

Tuliporudi nikaweka kikombe cha chai mezani upande wake wa kushoto, pale pale ninapokiweka kila siku. Akaanza kuuliza chai iko wapi. Nikakisogeza mbele yake. Akanywa, akasifu sukari. Halafu akachukua picha ya tangi na kunionyesha mkwaruzo mwembamba kama unywele ambao mimi sikuuona hata kwa miwani. Mbele anaona kuliko mimi. Ni pembeni ambako hapana kitu.

Nami nafanya kazi wapi? Pembeni.

Basi hakunidharau. Wiki tatu nimembebea kinyongo mtu ambaye hakuwa na kosa. Nimeona haya, na baada ya haya nikaona huruma, na huruma ikanipa uamuzi: nitakuwa macho yake. Nitatembea kushoto kwake barabarani. Kila kitu nitakiweka mbele yake. Picha nitazikata vizuri zaidi, asijue. Mtu aliyeishi kwa jicho lake, umwambie jicho limekufa? Mimi siwezi kuwa huyo mtu.

Jumanne, 26 Machi

Picha saba, nne nilikuwemo. Nimekuwa hodari wa kujikata, dakika mbili tu. Alizitazama kwenye kompyuta akasema, "Bado mkono ninao." Nikasema unao.

Jumapili, 31 Machi

Binti yetu alikuja kushinda nasi. Wakati wa chakula niliweka bakuli la mchuzi mbele ya baba yake, nikasogeza bilauri, nikageuza sahani ili nyama imkabili. Binti akawa anaitazama mikono yangu. Baba yake alipokwenda kulala, akanifuata jikoni.

"Mama, Baba ana nini?"

"Hana kitu. Uzee."

"Kanipita mlangoni nilipofika. Nimesimama hapa, kanipita. Nikadhani ananitania."

"Labda alikuwa na mawazo."

"Mama. Usinifanye mwanafunzi wa chekechea. Wewe unajua, na unamfunika."

Nilimpa za uso. Nilimwambia yeye anakuja mara moja kwa mwezi, anakula, anaondoka, mimi ndiye ninayelala naye na kuamka naye, na heshima ya baba yake ni mzigo wangu si wake. Akaosha vyombo. Alipokuwa anaondoka akanibusu shavuni, akasema, "Mficha maradhi, Mama." Hakuimalizia, na mimi sikumsaidia kuimalizia.

Jumatano, 3 Aprili

Leo amekuja mteja wa kuniharibia usingizi.

Ni mkunga. Mwanamke mfupi, sauti nzito, kaja mwenyewe juu ya pikipiki yake katika mvua hiyo hiyo, koti la plastiki mpaka magotini. Pikipiki imemtumikia miaka ishirini na miwili kwenda kuzalisha wanawake vijijini. Siti imeshonwa mara nne, na kwenye tangi kuna sehemu mbili ambazo rangi imelika kabisa kwa magoti yake. Mwisho wa Mei anastaafu, na anataka tumpigie wiki hiyo picha moja kubwa ya ukutani.

"Msiipake poda," akasema. "Kila mkwaruzo naujua jina lake. Mwingine ni wa mapacha."

Alipokuja kuagana, akampa mume wangu mkono kutoka kushoto. Mkono ukabaki hewani. Mume wangu alikuwa anatazama alama za magoti kwenye tangi, anatabasamu, anawaza mwanga. Mkunga hakuurudisha mkono upesi. Akausogeza taratibu kuelekea mbele, taratibu kabisa, macho yake yakiwa kwenye macho ya mume wangu, mpaka ulipofika mahali fulani naye akashtuka na kuushika.

"Karibu sana, mama," akasema.

Mkunga akaniomba nimsindikize. Tulisimama chini ya upenu, maji yanatuchuruzikia mabegani.

"Dada, ameanza lini?"

Nikajifanya hamnazo. "Kuanza nini?"

"Mimi si daktari wa macho. Lakini marehemu kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Inaitwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kimya kimya. Katikati panabaki pazuri mpaka siku ya mwisho, ndiyo maana mtu anabisha."

"Ina dawa?"

"Ina dawa ya kuzuia. Ya kurudisha haina. Kilicholiwa hakirudi." Akafunga vifungo vya koti lake. "Kaka yangu, mke wake alimshika mkono miaka miwili ili watu wasijue. Kwa mapenzi. Akaja kumpeleka hospitali hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, leo ni bora kuliko kesho."

Alipiga kiki mara moja tu, pikipiki ikawaka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimehesabu. Tangu picha ya kwanza niliyojikata ni wiki kumi na moja. Kila alasiri nilikaa pale kwenye kompyuta nikaufuta ushahidi ambao ungemfikisha hospitali. Angeona kiatu changu katika picha moja, angenifokea. Katika picha ya pili angekasirika. Ya kumi angeogopa, na mtu akiogopa anakwenda. Mimi nilimnyima kuogopa. Nilidhani nakata picha, kumbe nilikuwa nakata macho ya mume wangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilijaribu kumwambia. Nilianza na hali ya hewa, nikaishia kwenye hali ya hewa.

Jumanne, 9 Aprili

Leo mlango ulifunguka wenyewe nami nikaufunga. Tulikuwa tunafungasha vifaa, akaivua lenzi, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Lenzi hii inaanza kuwa na giza pembeni," akasema. "Nitaipeleka kwa fundi Ijumaa. Unaonaje?"

Nilikuwa na la kumjibu. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, matatu tu: si lenzi, mzee.

Nikasema, "Labda."

Labda! Hivi mtu wa miaka hamsini na nane, aliyezaa, aliyezika wazazi wawili, anashindwaje kusema maneno matatu? Nimeoga maji ya baridi na bado najichukia.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefanya. Nitaandika polepole.

Kila nilipokata picha, nilikata nakala. Picha zenyewe, kama zilivyotoka kwenye kamera, sikuzifuta. Tabia ya kazi, mtu hafuti asili. Jana mume wangu alipokwenda kwa fundi wa lenzi, nikazichapa zote kwenye karatasi za bei rahisi, nikaandika tarehe kwa nyuma. Arobaini na tatu. Leo asubuhi nikazipanga kwenye sakafu ya studio. Sakafu yetu ni nyeupe, tumeipaka wenyewe, na ukutani inapanda kwa mpindo ili pasiwe na kona. Zilionekana kama nguo zilizoanikwa na mtu mwenye familia kubwa.

Aliingia akiwa na hasira za jana. "Fundi yule hajui kazi. Eti lenzi haina kitu." Akasimama. "Nini hizi?"

"Picha zako, tangu Januari."

"Picha zangu nazijua."

"Hizi huzijui. Zitazame, tafadhali."

Aliinama kwenye ya kwanza. "Nzuri," akasema. "Shuka lingepanda kidogo." Hakuwa ameona.

"Tazama ukingo wa kushoto."

Akageuza kichwa chote, kama kuku anayetazama punje. Akauona mkono wangu. Akaenda ya pili, safari hii akaanza na ukingo, akakuta kiatu. Ya tatu kiwiko. Ya nne nusu ya uso wangu, mdomo wazi kwa sababu nilikuwa napiga miayo. Siku nyingine ningecheka. Alipofika ya ishirini alikuwa amepiga magoti, anatambaa kutoka picha hadi picha, miwani imeshuka puani, na mimi nimesimama ukutani natamani mvua inyeshe kwa nguvu nisisikie anavyopumua. Haikunyesha. Ilikuwa inadondoka tu, tone tone.

"Zote?"

"Zote."

"Na hizi nilizokuwa nikiziona mimi?"

"Nilikuwa nazikata kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilidhani nakusaidia."

Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ambayo miaka yote haruhusu mtu kuikanyaga na viatu. "Umenifanya mtoto," akasema. Si kwa sauti kubwa. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Kisha akaokota moja iliyokuwa karibu na goti lake, akainyoosha mbele ya macho. Ndani yake kuna pikipiki ya bluu, na ukingoni mkono wangu, umenyooka juu, vidole vimefunguka.

"Hapa unafanya nini?"

"Nakuambia niko tayari."

Akageuza karatasi. "Tarehe nne Machi. Siku ile ulininunia."

"Siku ile niliinua mkono mpaka bega likauma. Wewe ndiye uliyeninunia."

Aliposema, alisema na karatasi, si na mimi.

"Nilidhani umenichoka. Nilikuwa nasubiri mkono, siuoni. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Nikasema, basi, miaka thelathini na mmoja ya kushika ubao, mtu ana haki ya kuchoka. Nikaamua nisikusumbue, nikawa napiga tu bila kukungoja."

Hapo nililia. Sikulia kistaarabu, nililia kama niliyefiwa. Mimi nilidhani ananidharau, yeye alidhani nimemchoka, na katikati yetu mkono umeinuliwa kila siku, umo ndani ya picha, nami nikawa naukata kila alasiri.

Nikamweleza yote aliyosema mkunga. Sikupunguza. Nilipofika kwenye "kilicholiwa hakirudi" alifumba macho, akayafumbua, akageuza kichwa kushoto kisha kulia, pole pole, kama anayepima chumba.

"Hospitali wanafungua Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

Jumatano, 17 Aprili

Jumatatu kulikuwa na foleni tu, wakatuambia turudi leo. Alikaa mbele ya chombo kama bakuli jeupe, nukta za mwanga zinawaka humo ndani, ukiiona moja unabonyeza. Alipotoka akaninong'oneza, "Chombo chao kibovu, nusu ya taa haziwaki." Kisha akauona uso wangu.

Daktari wa macho ni mwanamke kijana, anaongea taratibu. Jicho la kushoto, sehemu kubwa ya upande wa nje imekwenda. La kulia limeanza kuliwa. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, bila kukosa hata siku moja.

"Dalili mliziona lini?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi. "Mimi ni mkaidi, daktari. Andika hivyo."

"Aandike na mimi," nikasema. "Niliona, nikaficha."

Daktari akatutazama wote wawili, akaandika kitu kimoja, sikijui. Njiani nilimshika mkono wa kushoto. Hakuutoa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwanamume ambaye zamani alivunjika mbavu akapigwa eksirei huku anatabasamu, leo anayapigia kelele matone ya dawa. "Umenitia puani!" Hakufungua jicho, nitie wapi?

Jumatatu, 29 Aprili

Haingii studio. Anakaa kwenye kiti jikoni, anasikiliza redio ambayo haisikilizi. Nimewarudisha wateja wawili. Nikamwambia, "Mzee, macho ya katikati unayo, kwa nini usipige?" Akasema, "Picha ni kingo, bibie. Katikati kila mtu anaiona." Hana ubaya, hana maneno makali. Ningependa ayatoe.

Jumatatu, 6 Mei

Yule fundi bomba kaleta pikipiki ya shemeji yake, kaibeba kwa gari mvuani, sikuwa na uso wa kumrudisha. Nikapiga mwenyewe. Miaka yote nimesimama kando ya kamera hiyo, sikuwahi kusimama nyuma yake mteja akiwepo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo.

Niliporudi nyumbani niliweka picha mezani, mbele yake, nikaenda kuchambua mchele. Nilifanya makusudi, sikatai. Kisha nikasikia kiti kinasogea.

"Shuka liko chini mno."

Nikaendelea na mchele.

"Na ubao mweusi nani kauweka hapa? Tangi linaonekana limepigwa rungu. Wewe, unanisikia?"

"Nasikia. Sikuwa na wa kunishikia ubao."

Akaja na picha mpaka mlangoni. Hasira zilikuwa zimempa rangi. "Kesho asubuhi mwambie aje tena. Kazi kama hii haitoki mlangoni mwangu."

Jumanne, 7 Mei

Kashika ubao. Bwana Picha, kashika ubao! Fundi bomba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani leo?" Nikamjibu, "Msaidizi wangu." Mume wangu alisikia. Alinikata jicho lile lile ambalo daktari anasema halioni vizuri, na lilinifika barabara.

Tatizo ni ishara. Akiwa ameukabili mwanga, mimi niko upande wake, nainua kidole haoni. Mvua inapiga, nikiita hasikii. Mara sita nimetembea kwenda kumgusa bega, mara sita mwanga umebadilika.

Jumamosi, 11 Mei

Dawa ya tatizo la ishara kaileta mwenyewe. Kakata kipande cha kamba iliyobaki ya shuka, kafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake, nyingine kwenye wangu. Mvuto mmoja mfupi, pandisha. Mmoja mrefu, shusha. Yeye akivuta mara mbili, yuko tayari. "Na ukitaka kwenda chooni?" nikamuuliza. Akasema tutakwenda wote.

Jumatatu, 20 Mei

Pikipiki tatu. Mvua inapungua. Matone hajakosa hata siku moja. Binti yetu kaona kamba, kageuka ukutani kwa muda, kisha kasema tunafanana na mbuzi wa jirani.

Jumamosi, 25 Mei

Nianze na mwisho: picha imetoka, mkunga ameipenda, ameitazama amesimama, kisha akaomba kiti. Sehemu mbili zilizoliwa na magoti zimepata mwanga wake zenyewe. Hatukufuta hata mkwaruzo. Akanionyesha ule wa mapacha.

Kabla sijaisafisha aliona kitu ukingoni, upande wa kushoto: vidole vinne vya mwanamume na kipande cha kamba. Akauliza kama vitabaki. Nikamwambia hapana, kazi ni kazi, umelipia pikipiki. Nikakata mbele ya macho yake. Ila nilichapa nyingine isiyokatwa, ya kwetu, nikaiweka kwenye fremu pamoja na ile ya tarehe nne Machi. Mkono wangu katika moja, wake katika nyingine.

Lakini nililotaka kuandika ni la kabla ya hapo.

Asubuhi hapakuwa na mvua. Bati lilikuwa kimya kabisa, ungesikia hata kapi linavyokwaruza. Shuka lilikuwa juu, meta mbili na nusu. Mume wangu akaenda mahali pangu, na ubao mweupe. Nikainama kwenye kamera. Ningeweza kumsemesha kwa sauti ya kawaida, naye angenijibu. Kamba haikuwa na kazi leo. Wala hatukukumbuka kuifungua.

Nikatazama katikati, halafu nikatazama kingo zote nne, kama alivyonifundisha bila kujua ananifundisha. Nilichelewa kidogo.

Kamba ikavutwa mara mbili. Yuko tayari.

Sikupiga hapo hapo. Nilikuwa namwangalia, kichwa kimeelekea tangi, hanioni, anasubiri. Akasubiri kidogo zaidi, kisha akavuta tena, mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba aliyozoea kufunguliwa.

Nikavuta na mimi, mara mbili. Ndipo nikapiga.